Kimya Katikati ya Nyimbo

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefungua duka, nimefagia, nimewasha kompyuta. Na nimekuta tena. Shemeji Idrisa kabadilisha.

Mimi mashine naiweka ichome CD nzima kwa mkupuo mmoja, mwanzo mpaka mwisho, kisha iifunge. Idrisa kila akikaa hapo anairudisha kwenye wimbo mmoja mmoja. Nimeirekebisha huku natukana peke yangu. Mxiu.

Ukichoma wimbo mmoja mmoja, kila wimbo ukiisha mashine inapumzika. Lile pumziko linaingia kwenye CD. Wimbo, kimya, wimbo, kimya. Kwa taarabu au bongofleva hakuna atakayejua. Kwa nyimbo zinazoshikana unajua mara moja. Idrisa anasema ndiyo usalama: umeme ukikatika, nyimbo zilizoshika zimeshika, unaendelea na zilizobaki. Hofu ya zamani hiyo. Iliingia siku CD ya harusi ya watu ilipoharibika katikati, marehemu mume wangu Shabani bado mzima, umeme wa mgao. Sasa tuna betri ya akiba chini ya meza. Mwambie. Hasikii, kichwa kama cha kaka yake.

Leo wateja wachache. Mmoja kaja kutaka kuingiziwa nyimbo kwenye flash. Kasema, "Mama, bado mnachoma CD miaka hii?" Nimemwambia ndiyo, na maandazi bado yanakaangwa. Kacheka. Lakini imeniuma kidogo.

Jumatano, 6 Agosti

Mama Hilda kaleta kazi yake. Hatimaye!

Kwaya ya akina mama, kanisa lao liko Ilala, karibu na kwetu. Wengi wametoka Songea na Masasi, wanafanya biashara ndogondogo humu mjini. Mimi Mwislamu wa Lindi, yeye Mngoni, ananiita mtani na kunitukania samaki wangu. Kazi zao zote nafanya mimi tangu enzi za kanda.

Safari hii wameimba mfululizo, mchana mmoja, nyimbo zote kwa pumzi moja. Ngoma haisimami hata kidogo. Wimbo unaisha, ngoma inaendelea, wimbo mwingine unaingia juu yake. Nimesikiliza nikasisimkwa, na mimi si wa kwaya. Fundi wa studio kawapa rekodi moja ndefu. Kazi yangu kuikata nyimbo, kutengeneza CD mama, kisha kuzalisha nyingine kutoka kwa hiyo.

Uzinduzi Jumapili ya tarehe ishirini na nne. Mgeni rasmi atanyanyua CD ya kwanza, ainunue mbele ya watu, wengine wafuate. Ndiyo maana kwaya bado zinakuja kwetu. Huwezi kumnyanyulisha mgeni rasmi flash.

Kasema, "Mtani, isisikike popote kabla ya siku hiyo. Ikisikika, nani atanunua?" Nimemwahidi haitatoka nje ya duka. Kasikilizia hapahapa kwa spika za masikioni. Hata ya kuonja sikumpa, na yeye hakuomba.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nusu ya mtaa imefunga. Mimi nimekuja, nimekata nyimbo kwa raha zangu bila mtu wa kuuliza bei.

Mwisho wa wimbo wa pili Mama Hilda anapaza sauti, "Haya!" Mtu mwingine angekata kabla ya hapo, "Haya!" iwe mwanzo wa wimbo wa tatu. Mimi nimeiacha kwenye mkia wa wimbo wa pili. Naona inamalizia vizuri. Ni ubishi wangu tu.

Jioni nikaoshe vyombo vya wageni. Wakwe watarajiwa wanakuja kesho kuzungumza habari za nikaha ya binti yangu Saumu. Idrisa ndiye atakayeozesha. Saumu hana kaka, baba yake ametangulia, babu yake ametangulia. Baba mdogo ndiye baba. Sijawahi kuwa na wasiwasi na hilo.

Jumatatu, 11 Agosti

Mambo yamekwenda vizuri juzi. Idrisa kazungumza na wakwe kwa heshima, kachekesha watu, kakumbusha marehemu bila kuliza mtu. Saumu kamletea maji kwa magoti mawili. Nimeona fahari. Nimemshukuru Mungu kwa shemeji niliyepewa.

Leo mchana nimemwachia duka, nimekwenda na Saumu kwa mshonaji. Nimerudi magharibi imekaribia. Nimemkuta anafunga. Kasema hakuna kilichotokea.

Jumanne, 12 Agosti

Asubuhi mashine imebadilishwa tena. Wimbo mmoja mmoja. Nimeuliza ulichoma nini jana? Kasema kaswida za mtu mmoja wa mtaa wa Gerezani. Sawa. Nimeirekebisha. Sina nguvu ya kugombana kila siku.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekwenda Msimbazi kununua vifuko vya CD. Kwenye kona pana muuzaji ana spika kubwa, anapiga chochote. Nikasikia ngoma. Nikasema hii ngoma naijua. Kisha sauti ya Mama Hilda.

Kwaya ya Mama Hilda, mchana kweupe, Kariakoo. Siku kumi kabla ya uzinduzi wake!

Muuzaji ana CD zimepangwa kwenye kipande cha boksi, jalada limechapishwa hovyo. Nimemuuliza kapata wapi. Kasema, "Mama, mimi naletewa." Nani analeta? Kaongeza sauti ya spika. Nimenunua moja.

Nimemwambia Idrisa. Kapiga meza. Kasema ni yule fundi wa studio, hakuna mwingine, atakwenda kumtandika. Nimemzuia. Nimesema nitakwenda mwenyewe, mimi ndiye niliyeahidi. Kasema, "Shemeji, usijali, tuko pamoja." Nimelia mbele yake. Kanipa kitambaa chake.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwenda studio baada ya sala nikiwa nimefura. Nimemwambia yule fundi maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mwizi, muuaji wa akina mama, na mengine. Majirani walitoka.

Kaningoja mpaka nikamaliza. Kisha kasema, "Mama, mimi niliwapa rekodi moja ndefu. Hii imekatwa. Nani alikata?" Kaiweka ile CD niliyokwenda nayo. Wimbo wa pili ukafika mwisho. "Haya!" Ikaisha hapo.

Mkato wangu huo. Wa kwangu, na hakuna mtu mwingine duniani angeukata hapo.

Sikujua pa kuweka uso. Nimemwomba radhi. Kanipa maji. Nimetembea mpaka nyumbani, sikutaka kukaa karibu na mtu.

Imetoka dukani kwetu. Labda mtu aliingia. Labda nilipotoka kuswali, mtu akachomeka flash. Labda, labda. Kichwa kinaniuma.

Jumamosi, 16 Agosti

Mama Hilda kaja. Hajakaa. Hajasema mtani. Kasema, "Bi Tatu, habari za leo," kama mtu wa ofisini.

Anajua tayari. Kasikia yeye mwenyewe sokoni akinunua dagaa. Nimeanza kueleza, kaninyanyulia mkono. Kasema, "Nimeshasamehe. Shemeji yako alikuja nyumbani juzi, kaniomba nikusamehe. Kasema una harusi ya mtoto, mambo yamekubana, ukaona hapa pana njia."

Sikuelewa. Nimemwambia sema tena. Kasema tena, neno kwa neno, kwa upole. Upole wake ndio ulionimaliza.

Kumbe Idrisa alikwenda kwake Alhamisi hiyohiyo. Siku ileile aliyonipa kitambaa.

Nimeapa. Wallahi si mimi. Kaniangalia kama unavyomwangalia mtoto aliyejikojolea. Kasema kazi atatafuta mtu mwingine. Katoka.

Idrisa hakuja dukani leo. Kapiga simu kuwa ana homa.

Jumapili, 17 Agosti

Saumu kaenda kwa mwenzake. Niko peke yangu. Nimeiweka ile CD ya Msimbazi kwenye redio ya sebuleni. Sijawahi kuisikiliza yote. Njiani nilikuwa na hasira, studio nilikuwa na aibu.

Wimbo wa kwanza ukaisha. Ngoma ikakatika.

Kimya.

Kisha ngoma ikaanza tena, ghafla, kama mtu aliyesukumwa mlangoni. Wimbo wa pili ukaisha, "Haya!", kimya tena. Kila wimbo. Kila mahali ambapo akina mama hawakunyamaza, CD imenyamaza.

Imechomwa wimbo mmoja mmoja. Kwenye kompyuta yangu, ambayo ukikaa tu na kubonyeza inachoma nzima. Mwizi wa kupita angebonyeza tu. Ili ichome hivi lazima uingie ndani ubadilishe kwa mkono wako. Lazima uwe na hofu ya umeme. Lazima uwe Idrisa.

Kaswida za mtu wa Gerezani. Loh!

Nimekaa sakafuni. Sijalia. Nilidhani nitalia. Huyu mtu alimbeba Shabani kaburini. Huyu mtu kamfundisha Saumu baiskeli. Kila Idi anakula kwangu kwanza kabla ya kwake. Na amekwenda kwa mwanamke mwenzangu kuniombea msamaha wa wizi alioufanya yeye.

Kuiba ningeweza kukusamehe, Idrisa. Kuniombea msamaha, hapana.

Jumatatu, 18 Agosti

Kaja. Homa imepona, inavyoonekana.

Nimefunga mlango nusu. Nimeweka CD ya Msimbazi, ikafika kwenye kimya cha kwanza. Nimeisimamisha. Nimemtazama.

Nilitaka akatae. Nilikuwa tayari kumwamini, Mungu anisamehe. Angesema kuna mtu kamlazimisha, ningemwamini.

Kasema, "Hili ni duka la kaka yangu."

Basi. Kisha yakamwagika. Kwamba watu wote mtaani wanasema duka la Bi Tatu. Kwamba kila akichoma nakwenda nyuma yake kurekebisha, kama anachafua. Kwamba kapata fremu ya duka Gerezani na anahitaji wateja, na kwaya zikiniacha zitakwenda wapi? Kwake. Kasema yote hayo bila kupandisha sauti. Mimi ndiye niliyepiga kelele.

Nimemuuliza mbona ulinisingizia, si ungechukua tu wateja? Kasema, "Wasingekuja. Wanakupenda."

Kaondoka na mashine moja ya kuchomea, ile aliyonunua Shabani kwa fedha yake ya mwisho. Sikumzuia.

Tangu ameondoka nayafikiria maneno yake. Ni kweli nilikuwa nikienda nyuma yake kurekebisha. Ni kweli. Lakini mtu akikuudhi unamwambia, unamtukana, unagoma kula kwake. Humzikii jina lake akiwa hai.

Jumanne, 19 Agosti

Saumu kauliza, "Baba mdogo haji siku hizi, mmegombana?" Nimesema ana kazi Gerezani.

Kampigia simu palepale, spika wazi. Sauti yake ilikuwa tamu. Saumu kamuuliza kanzu ya siku ya nikaha anataka rangi gani. Wamecheka. Nimeingia jikoni nikasukuma chapati mpaka mikono ikachoka.

Jumatano, 20 Agosti

Nimefikiri leo mchana kutwa.

Nikitaka jina langu lisafishwe, naweza. Ninazo CD mbili, ya kwangu na ya Msimbazi. Naweza kusimama mbele ya kwaya nzima, niziweke, kila mtu asikie ngoma ikikatika na nimtaje aliyeikata. Ilala ndogo. Kufika jioni wakwe wangejua. Saumu angejua kuwa mtu atakayemkabidhi kwa mumewe ndiye aliyemwita mama yake mwizi.

Nimemuuliza sheikh wetu kwa mafumbo, eti kuna mwenzangu ana tatizo. Kasema wali, mwenye kumwozesha binti, akikosekana zipo njia za sheria. Lakini atakosekanaje? Yupo, mzima, anatafuta kanzu. Nikimkataa, swali la kwanza litakuwa kwa nini. Jibu lipo moja.

Nisiposema, mimi ni mwizi. Hivyo tu. Na duka linakufa.

Namchukia. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kusemea.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimekwenda kwa Mama Hilda. Peke yake nilitaka, nikamkuta peke yake, anachambua mchicha. Nimesema sitaki kujitetea, nataka usikilize tu. Ana redio ya zamani ya CD, iko juu ya kabati, kaifunika kitambaa.

Nimeweka ya kwangu kwanza. Wimbo wa kwanza ukapita ukaingia wa pili. Mguu wake ukawa unapiga sakafu, hakujijua. Nikaweka ya Msimbazi. Wimbo ukaisha, ngoma ikakatika. Mguu wake ukabaki juu.

Kasema, "Mbona wametunyamazisha?"

Nimemweleza. Kwamba mimi sichomi hivyo, sijawahi, na humo dukani tuko wawili tu. Jina sikulitaja. Hakuhitaji. Katia mikono kwenye mchicha, akachambua jani moja muda mrefu. Kisha kasema, "Na alikaa hapo ulipokaa. Kanywa chai yangu."

Kataka kusema Jumapili kanisani, mbele ya watu wote. Nimemshika mkono. Nimemwambia habari za Saumu, kuhusu wali, kwamba bila huyo mtu lazima nitoe sababu. Kasema, "Mtani, wenzangu watakuita mwizi." Nimesema najua.

Kasema nichome. Kazi ni yangu. Nimelia hapo, kwa kweli. Machozi ya kuaminiwa, sijui kama yana jina.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimechoma kutwa. Mashine iliyobaki ni nzee, inakoroma. Umeme umekatika mara moja, betri ya akiba ikashika. Hakuna CD iliyoharibika.

Jumapili, 24 Agosti

Uzinduzi. Mama Hilda alisema niende, nikaenda. Nimekaa nyuma kabisa na ushungi wangu.

Watu hawakujaa. Wengi wameshazisikia nyimbo, wanazo kwenye simu. Mgeni rasmi kanyanyua CD, kainunua, watu wakapiga makofi. Baada yake wakasogea wachache. Mezani zikabaki nyingi. Mama Hilda akatabasamu mpaka mwisho, na mimi najua tabasamu lake la kweli likoje.

Wakaimba wenyewe, wamesimama, ngoma haikukatika. Angalau hilo.

Nilipotoka, nimekutana na wanakwaya wawili ninaowajua tangu wana mimba za watoto wao wakubwa. Nimewasalimia. Mmoja kaitikia akiangalia pembeni. Mwingine kahamishia mkoba bega la pili, la mbali na mimi. Mkoba! Kama ningemchomolea. Nilitaka kumrukia. Nimetembea.

Jumatano, 3 Septemba

Hakuna kwaya hata moja wiki hii. Waliokuwa wameahidi wamesema watanitafuta. Nimesikia Gerezani kuna foleni.

Saumu kapaka hina ya majaribio. Mikono mizuri mno. Kasema, "Mama, umekonda." Nimesema ni furaha.

Jumatatu, 8 Septemba

Idrisa kapita nyumbani kuleta mchele wa harusi. Kautua mwenyewe begani, hakutuma mtu. Kanisalimia mbele ya wageni, "Shemeji, hujambo?" Nimejibu sijambo. Nikasikia nimejibu vizuri kabisa, kwa sauti yangu ya kila siku. Nimejishangaa. Nilidhani chuki inasikika.

Kabla ya kuondoka kasimama mlangoni kidogo, kama mwenye neno. Nikampa kisogo. Kama alikuwa na neno, kaondoka nalo.

Ijumaa, 12 Septemba

Wameoana.

Wanaume walikaa nje chini ya turubai, sisi ndani. Waliweka kipaza sauti ili wanawake tusikie. Chumba kilijaa marashi na watoto. Saumu kafunikwa, kichwa chini, mikono ya hina mapajani. Mama Hilda alikuja na kitenge chake cha sikukuu, akakaa ubavuni mwangu, magoti yetu yamegusana.

Sheikh akahutubia. Kisha akaitwa wali. Tukasikia wanasogea mkekani, tukajua wameshikana mikono, yeye na bwana harusi.

Sauti ya Idrisa ikaingia chumbani. "Nimekuozesha binti wa marehemu kaka yangu, Saumu binti Shabani." Imetulia, nzito, nzuri. Sauti ya mtu mwaminifu. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Mashallah, Saumu ana baba."

Saumu akaanza kulia chini ya mtandio. Alikuwa analia kwa kumpenda.

Mama Hilda hakunitazama. Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu, akauacha hapo.

Bwana harusi akajibu, amekubali. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikapiga na mimi.